Mzazi Mlangoni: Mombasa, Ypsilanti na Reggio Emilia

Mzazi wa Pwani mwenye mtoto wa miaka minne hakosi wa kumshauri. Jirani humwambia atafute shule inayosema Kiingereza tangu siku ya kwanza. Bibi husema mtoto aanze chuoni, asome msahafu kwanza. Shule nayo humkabidhi orodha ya sare, madaftari na ada. Katika mashauri yote hayo ni nadra kumsikia mtu akimuuliza mzazi mwenyewe: wewe unamjuaje mtoto wako, na tukufungulie wapi nafasi ya kuutumia ujuzi huo? Nimeyachukua mapokeo matatu ya malezi ya awali kwa sababu yote yaliuliza swali hilo, na kila moja likalijibu kwa namna yake.

Nianze nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Waislamu wengi wa Mombasa na vijiji vya Pwani waliona watoto wao wakiachwa nyuma katika shule za msingi. Chekechea zilikuwapo, lakini nyingi zilikuwa ghali, na mzazi aliyetaka mwanawe akue katika dini yake alihisi anatakiwa kuchagua kimoja kati ya viwili. Viongozi wa jamii walilifikisha jambo hilo kwa Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, na taasisi yake ikaanza kazi pamoja na mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said. Yeye na wenzake hawakuanza kwa kujenga. Walikwenda kwenye madrasa zilizokuwapo, wakaketi na wazee, kisha na kina mama, wakapatana nao masharti: jamii itatoa chumba, itaunda kamati, na itachagua wasichana wa mtaa huo huo wafunzwe ualimu; kituo cha mafunzo kitawasomesha na kuwafuatilia darasani. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Humo darasani, dua na visa vya mitume vilikaa pamoja na nyimbo za Kiswahili, hadithi na vitendawili. Vifaa havikuagizwa ng'ambo. Vilikuwa vifuu, vizibo vya soda, makombe ya pwani, ukili na vipande vya kanga. Wazazi walikaribishwa kuvitengeneza, na hapa ndipo ninapoiona hekima kubwa ya mpango huu. Mama aliyeketi kwenye jamvi akisugua vifuu hadi vikawa laini, akavipanga kutoka kidogo hadi kikubwa, amekwisha kupata mwongozo ambao hakuna karatasi ingempa. Akirudi nyumbani anajua kwamba mtoto anayechambua mchele pamoja naye anajifunza kutofautisha, na anayegawa vijiko kwa watu watano anahesabu. Hakuambiwa kwamba malezi yake yana kasoro. Ameonyeshwa kwamba jikoni mwake mna somo.

Wako waliolalamika, na malalamiko hayo bado yanasikika kila mahali: nimelipa ada, mbona anacheza tu? Ni swali la haki kwa mtu anayelipa kwa jasho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliowafuatilia watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda, ulikuta kwamba waliosoma katika shule hizi za madrasa walipiga hatua kubwa zaidi ya waliobaki nyumbani, na hata zaidi ya wale wa chekechea nyingine.

Mchezo huo wa Mombasa una ndugu Marekani. Mbinu ya kumwacha mtoto apange atakachofanya, akifanye, kisha aeleze alichofanya, ilichukuliwa kutoka mpango wa malezi ya awali uitwao HighScope, uliochipuka katika mji wa Ypsilanti, Michigan. Huko, mwaka 1962, David Weikart alianzisha darasa la awali kwa watoto wa familia maskini za Wamarekani Weusi, baada ya kuona jinsi watoto hao walivyokuwa wakikwama katika shule za wilaya. Watoto 123 waliingizwa katika uchunguzi: 58 walipata darasa, 65 hawakupata. Walifuatiliwa hadi utu uzima, na walipofika miaka 40 ilionekana kwamba waliosoma darasani walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, walipata kipato kikubwa zaidi na walikamatwa na polisi mara chache zaidi.

Wachumi wakiwamo James Heckman waliyapigia hesabu matokeo hayo, na leo serikali nyingi huyataja zinapotetea elimu ya awali. Kinachotajwa kwa nadra ni yule mwalimu aliyebisha hodi. Watoto walisoma asubuhi. Mchana walimu wale wale walizitembelea familia, kila nyumba mara moja kwa wiki, kwa muda wa saa moja na nusu hivi, mama, mtoto na mwalimu wakifanya kazi pamoja. Nchi zilizoiga darasa zikaacha ziara zimepunguza nusu ya dawa. Nasema hivyo nikijua kwamba hakuna aliyepima ziara peke yake na darasa peke yake katika mradi ule; lakini kuyapokea matokeo na kuitupa sehemu ya kazi iliyoyaleta si uadilifu.

Pamoja na hayo, Ypsilanti ilikuwa na upungufu ambao Mombasa haikuwa nao. Watoto walichaguliwa kwa sababu walipata alama za chini katika vipimo vya akili, kwa hiyo mwalimu aliingia nyumbani akiwa amekwisha kuambiwa kwamba mna pengo la kujazwa. Mama alitembelewa kwa heshima, lakini hakuwa na kura. Hakumchagua mwalimu, hakuamua mtoto afundishwe nini.

Kura hiyo tunaikuta Italia. Siku chache baada ya ukombozi wa Aprili 1945, wakazi wa Villa Cella, kijiji cha karibu na mji wa Reggio Emilia, waliuza kifaru, malori na farasi walioachwa na jeshi la Kijerumani lililokimbia, wakaamua fedha hizo zijenge shule ya watoto wadogo. Matofali waliyaokota kwenye nyumba zilizobomolewa kwa mabomu, mchanga waliuteka mtoni. Kijana mmoja mwalimu, Loris Malaguzzi, alisikia habari hizo, akapanda baiskeli kwenda kujionea, na hakuiacha kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1994.

Wazazi wa Reggio walikuwa wametoka katika miaka ishirini ya ufashisti. Walitaka watoto wanaosema. Ndiyo maana walimu wa huko huandika maneno ya watoto kama yalivyotamkwa, hupiga picha za kazi zao, na kuzibandika ukutani ili mzazi azisome anapokuja kumchukua mwanawe. Shule ya kwanza ya manispaa ilifunguliwa mwaka 1963, na mara moja kwa wiki Malaguzzi na wenzake waliwapakia watoto na vifaa kwenye lori, wakasomesha uwanjani mjini, watu wote wakiona. Mwaka 1976 msemaji wa upande wa kanisa alipozishambulia shule hizo kwenye redio ya serikali, walimu waliwafungulia mapadre na wazazi milango, mjadala ukaendelea kwa miezi. Ninawasifu kwa hilo kuliko kwa vyumba vyao vya sanaa, ambavyo leo shule za ada kubwa katika miji mingi huviiga pamoja na jina la Reggio, huku baraza la wazazi, ambalo ndilo lililowapa kura, likisahauliwa.

Mtu akiitazama Villa Cella na madrasa za Mombasa huona undugu wa wazi. Kote watu wa kawaida walijenga kwa walichokuwa nacho. Mwaka 1996 Reggio ilianzisha kituo kiitwacho Remida, kinachokusanya mabaki ya viwanda ili shule ziyatumie. Kina mama wa Pwani walikuwa wakikusanya vizibo kabla ya hapo. Tofauti iko kwenye mshahara. Italia, jamii ilijenga, kisha manispaa ikaubeba mzigo: mwalimu analipwa na mji. Kwetu jamii ilijenga na ikaendelea kulipa. Mvuvi akikosa samaki msimu wa kusi, ada haiji, na mwalimu aliyefunzwa kwa bidii anaondoka kutafuta kazi kwingine. Kusifia moyo wa kujitolea wa akina mama hao bila kutaja jambo hili ni kuwadhulumu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti elimu ya chekechea, na kaunti nyingi zimejenga madarasa mazuri. Malipo ya walimu wa ngazi hiyo, hata hivyo, yamekuwa chanzo cha manung'uniko tangu mwanzo, wengi wakiwa na mikataba ya muda na ujira mdogo. Katiba hiyo hiyo inataka wananchi washirikishwe kabla ya bajeti kupitishwa. Katika vikao hivyo barabara na visima hupata wasemaji wengi. Hapo ndipo ningependa kuziona kamati za wazazi wa Mombasa, Kwale na Lamu, zikiwa zimebeba hesabu za miaka yote ambayo wamemlipa mwalimu kutoka mifukoni mwao, na majina ya walimu ambao hawawezi tena kumngojea mvuvi.