Nyasi bandia za gofu ya visahani: kazi kubwa iko chini

Katika gofu ya visahani, mchezaji hurusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu cha minyororo. Kabla ya kurusha hukimbia hatua chache, husimika mguu mmoja na kugeuka. Hapo pakiteleza, goti ndilo linaloumia.

Kwa hiyo nyasi bandia za kurushia hazichaguliwi kwa uzuri. Zile ndefu, laini, za kupamba bustani, zikilowa ni utelezi mtupu. Zinazofaa ni fupi, zilizobanana, kipande kimoja bila kiungo. Chama cha kimataifa, PDGA, kinashauri eneo lisipungue upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 3.

Mbinga, mvua zinaanza Novemba hadi Aprili, na udongo wa mfinyanzi hautoi maji haraka. Kwenye ngoro za Wamatengo maji hukingwa makusudi. Hapa yanatakiwa yaondoke. Chimba, jaza changarawe, shindilia sawasawa, inamisha kidogo upande mmoja. Kingo za mbao zisizotiwa dawa ni chakula cha mchwa, bora tofali za saruji.

Mbamba Bay shida ni nyingine: ardhi ya kichanga huhama, hivyo bila kingo imara changarawe itatawanyika. Mchanga wenyewe unahitajika juu, kuzishikilia nyasi. Uchekechwe, uanikwe ukauke kabisa, kisha usambazwe kwa ufagio mgumu. Ukiwa mbichi hauingii katikati ya nyuzi. Misumari ipigwe pembeni, vichwa vizame, maana kinachochomoza hukwaza mguu.