Dago la Mlimani

Mwezi Julai, joto la Phoenix, Arizona, linapopita nyuzi 40 siku baada ya siku, magari-nyumba huanza kupanda kuelekea Flagstaff. Ni magari yenye kitanda, jiko, choo na matangi ya maji humo humo ndani. Mji huo uko kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi, na kwa kawaida kila mita 1,000 za kupanda hupunguza takriban nyuzi 6.5 za joto. Baadhi ya wasafiri hupita viwanja vya kulipia, wakaacha lami na kushika njia ya vumbi ndani ya Msitu wa Taifa wa Coconino, kisha wakaegesha kwenye misonobari, pasipo bomba, waya wa umeme wala choo. Kitendo hicho Wamarekani hukiita boondocking.

Neno lenyewe asili yake ni mlima. Kwa Kitagalogi cha Ufilipino, bundok ni mlima. Askari wa Marekani waliopigana huko kuanzia 1899 walirudi nalo kwao likiwa na maana ya mahali pa mbali, nyuma ya dunia.

Kwa Kiswahili tukiiteje kitendo hicho? “Kupiga kambi porini” hakutoshi, kwa kuwa kiwanja chenye bomba na umeme nacho kinaweza kuwa porini. “Kambi kavu” ina ladha yetu, maana ugali mkavu ni ule uliokosa kitoweo. Lakini anayelisikia neno hilo mara ya kwanza ataelewa kambi isiyoguswa na mvua, ilhali Julai na Agosti milima ya Arizona hunyeshewa mvua za radi alasiri, na njia hizo za vumbi zikawa tope la kunasa magurudumu.

Mimi nachagua dago. Wavuvi wa pwani yetu wanalijua: ni makazi ya muda, ufukweni au kisiwani, ambako mvuvi huhamia kwa majira akiwa na maji yake, chakula chake na nyavu zake, akakaa wiki kadhaa kisha akaondoka. Husemwa wamekwenda kupiga dago. Upepo ukigeuka kutoka kaskazi kwenda kusi, dago nalo huhama. Wenye magari-nyumba hufanya vivyo hivyo: baridi huwakuta jangwani, Quartzsite kwa mfano, na joto huwapandisha misituni. Katika misitu mingi ya taifa ruhusa ya kukaa mahali pamoja ni siku 14, kisha lazima wang’oke.

Hata adabu inalingana. Wahenga wa pwani walimkanya anayehama ago, yaani kituo cha safari, asinye pale, kwani huenda akarudi. Maji machafu ya gari-nyumba hayamwagwi msituni. Hubebwa ndani ya tangi hadi kituo cha kuyamwagia.

Najua pingamizi: dago ni la riziki, na wengi wa wale wanaburudika. Lakini usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla ya kuingia kwenye gari, na nahodha leo anaongoza timu ya mpira. Neno la kazi hupanuka likipata kazi mpya.

Na kazi ipo. Penye mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, kwa hiyo maharage yanakula gesi kwa saa nyingi. Jenereta hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa sababu hewa ni nyepesi. Paneli za jua zinataka uwazi, mwenye gari anataka kivuli. Anayekaa hapo wiki mbili huamka na kupima tangi la maji kabla ya kuteleka chai, kama mvuvi anavyolitazama pipa lake kisiwani. Huyo namwita mpiga dago, na mahali pake ni dago la mlimani.