Sanamu za Plasta na Uchoraji wa Nyuso: Uamuzi wa Makerere

Katika Shule ya Slade, London, mwanafunzi wa miaka ya 1920 aliyetaka kuchora uso alianzia kwenye sanamu za plasta, nakala za kazi za kale za Wayunani na Warumi. Plasta haipepesi macho wala haichoki. Mwanga ukielekezwa upande mmoja, kivuli cha pua na cha tundu la jicho hubaki palepale saa nyingi, na mkono hujifunza kupima kabla ya kukabidhiwa mtu hai. Margaret Trowell alisoma katika shule hiyo, chini ya Henry Tonks.

Mwaka 1937 alianzisha madarasa ya uchoraji nyumbani kwake Mulago, Kampala, ambayo baadaye yalihamia Makerere. Hakuyajenga juu ya plasta. Alifuata njia ya Marion Richardson, aliyemfundisha ualimu: mwalimu husimulia tukio, tuseme siku ya soko au watu wanaorejea shambani, nao wanafunzi husikiliza, kisha kila mmoja huchora alichokiona akilini. Uso ulitoka katika kumbukumbu. Sikio lilitangulia jicho. Trowell alihofia kwamba kunakili mifano ya Ulaya kungedumaza ubunifu wa Mwafrika, na maonesho ya kazi za wanafunzi wake mjini London mwaka 1939 yaliipa njia hiyo sifa.

Hata hivyo, ulinzi huo ulikuwa na gharama, na wapanga mitaala wa leo hawana budi kuitazama. Aliyeamua kwamba zana fulani haiwafai wanafunzi alikuwa mwenyewe amekwisha kulelewa katika shule ya zana hiyo. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alisoma Slade kuanzia 1952 hadi 1955; akarudi na kuendelea kuchora maisha ya Wachaga kwa maumbo sahili, kana kwamba Slade haikumgusa. Mfano wake unadhoofisha hofu ya Trowell: mafunzo ya Ulaya hayakumnyang'anya jicho lake.

Trowell alistaafu mwaka 1958. Cecil Todd, mrithi wake, aliingiza historia ya sanaa ya Ulaya na mazoezi rasmi ya kuchora kwa kutazama. Gregory Maloba, mwanafunzi wa awali wa Trowell aliyekuwa pia amesoma Uingereza, alifundisha chini ya wote wawili. Mnara wa Uhuru uliosimamishwa Kampala mwaka 1962, mama akimwinua mtoto juu, ni kazi ya mikono yake.