Majina ya Maradhi ya Boriti

Mtu aingiapo katika nyumba kongwe ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Unguja huona kwamba vyumba ni virefu lakini vyembamba. Sababu yake haikuwa mapenzi ya mwashi bali mti wenyewe: boriti za mikoko hazikuweza kuvuka nafasi iliyozidi sana mita 3 baina ya ukuta na ukuta. Miti hiyo ilipewa majina kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Mti mzima, basi, lugha yetu iliupima barabara. Mti unaoharibika ndio uliopungukiwa na majina.

Tulitazame neno mchwa. Yuko mchwa wa ardhini, ajengaye njia za udongo ukutani ili asikose unyevu. Na yuko aishiye ndani ya mti mkavu asiguse ardhi kamwe, ambaye dalili yake ni chembe ndogo ndogo zimwagikazo sakafuni. Wa kwanza hukatiwa njia chini. Wa pili hadhuriki kwa dawa iliyomwagwa msingini. Mkaguzi akiandika "imeliwa na mchwa" tu, yamkini dawa itanunuliwa isiyohusika, na boriti iendelee kuliwa. Kuoza nako ni hivyo hivyo. Kuvu ya namna moja huuacha mti na rangi ya kahawia, umekatika vipande vya mraba. Nyingine huufanya mweupe, wenye nyuzi nyuzi. Zote zahitaji unyevu, na mara nyingi huanzia kwenye ncha iliyozama ukutani, hasa ukuta wa chokaa ukishapakwa saruji. Ncha hiyo haionekani. (Fundi huigonga boriti na kusikiliza, mlio nao wahitaji jina.)

Shirika la ICOMOS lilitoa mwaka 2008 faharasa yenye picha ya namna mawe yaharibikavyo, na mwaka 2017, mjini Delhi, likapitisha kanuni za kuhifadhi majengo ya mbao. Kwetu, Kamati ya Lugha ya 1930 ilishughulika zaidi na vitabu vya shule. Si ajabu kwamba haikufika karakanani.

Maoni yangu ni kwamba tusianze kwa kutafsiri. Kubunguliwa, kuvunda, kupinda, kubenuka, kupasuka: maneno tunayo, ila hayajafungwa kila moja kwa dalili yake. Mimi ningeliweka kubunguliwa kwa matundu ya mbawakawa peke yake. Wako watakaosema kuvunda ni kwa vyakula zaidi, nao wana haki. Hadi tutakapopatana, kila ripoti na iseme ni ncha ipi, ya ukuta upi, na kama mti ulikutwa umelowa au mkavu.