Mtoto kuzaliwa bila njia ya haja kubwa: Dalili, vipimo na matibabu

Mtoto kazaliwa, kalia vizuri, ananyonya. Ndugu wanapongeza. Siku ya pili tumbo limejaa kama ngoma na anatapika kijani. Ukimgeuza, kumbe hana tundu la haja kubwa.

Tatizo hili humpata takribani mtoto 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa duniani. Ni nadra, lakini kwa mzazi aliyejifungulia Karema au Mishamo, mbali na Mpanda mjini, kuchelewa siku moja tu kunaweza kugharimu maisha.

Linatokana na nini?

Njia ya haja kubwa haikukamilika wakati mtoto anaumbwa, wiki za mwanzo za ujauzito. Si kurogwa, si laana, wala si kosa la mama.

Dalili za kuangalia

- Hakuna tundu, au lipo dogo sana au mahali pasipo pake.
- Saa 24 zimepita, hajatoa kinyesi cha kwanza, kile cheusi kinachonata.
- Tumbo linavimba, anatapika kijani.
- Kinyesi kinatokea ukeni kwa mtoto wa kike, au kinachanganyika na mkojo kwa wa kiume.

Hiyo ya mwisho huwapoteza wengi. Mama anaona nepi imechafuka, anajua mambo yako sawa. Usiangalie tu kama choo kimetoka, angalia kimetokea wapi.

Usijaribu kutoboa au kuingiza kitu chochote, na usimpe dawa za kienyeji. Utumbo unaweza kupasuka.

Vipimo

Mkunga akimkagua mtoto vizuri mara tu anapozaliwa, mara nyingi tatizo linaonekana hapo hapo. Eksirei husaidia kujua utumbo umeishia wapi. Moyo, figo na uti wa mgongo navyo hupimwa, maana wakati mwingine huwa na kasoro pia.

Matibabu

Tundu likiwa limefunikwa na ngozi tu, upasuaji mmoja unaweza kutosha. Wengine hupitia hatua tatu:

1. Utumbo mpana hutolewa kwenye ngozi ya tumbo ili choo kipite. Hii ndiyo inayookoa maisha, na hata daktari wa upasuaji wa kawaida anaweza kuifanya.
2. Baada ya miezi kadhaa, njia mpya hutengenezwa. Mbinu inayotumika sana ilichapishwa mwaka 1982 na madaktari Alberto Peña na Pieter de Vries. Kisha mzazi hufundishwa kuitanua njia hiyo ili isizibe.
3. Utumbo hurudishwa ndani.

Usiishie hatua ya kwanza kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Na baada ya yote, baadhi hubaki na choo kigumu au kushindwa kujizuia, hivyo kliniki ni muhimu.

Ukiwa Katavi, ufanye nini?

Nenda kituo cha afya kilicho karibu leo leo, upewe rufaa ya Hospitali ya Mkoa, Mpanda. Kama usafiri ni shida, piga 115 bure, namba ya m-mama inayohudumia pia watoto wachanga. Mtoto awe na joto njiani, na muulize mtoa huduma kama aendelee kunyonya.

Mabingwa wa upasuaji wa watoto wapo hospitali kama Bugando, Mwanza, na Muhimbili, Dar es Salaam. Sera ya afya inasamehe gharama kwa watoto chini ya miaka 5 kwenye vituo vya serikali. Ukikwama, uliza ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini kabla hujaamua kumrudisha mtoto nyumbani.