Mnasaba na Utumishi: Istilahi Inayobeba Madai ya Kiungulia

Katika sheria ya Marekani ya mafao ya askari wa zamani kuna istilahi moja inayotangulia nyingine zote: "service connection". Mtu aliyewahi kuvaa sare akidai fidia ya goti, ya masikio au ya tumbo, Idara ya Masuala ya Askari wa Zamani, ambayo kila mtu huko huiita VA, huanza na swali hilo. Je, maradhi haya yanaungana na utumishi wake jeshini? Kiasi cha fidia hujadiliwa baadaye, na pasipo jibu la ndiyo hakijadiliwi kabisa.

Mfasiri mwenye haraka ataandika "ulemavu uliosababishwa na jeshi". Maneno yanateleza vizuri, lakini yanampotosha mdai. Sheria haimtaki athibitishe kwamba jeshi ndilo lililomletea maradhi. Inatosha kwamba maradhi yalianza alipokuwa katika utumishi, au alikuja nayo na utumishi ukayazidisha. Askari aliyeanza kuchomwa na kiungulia mwaka wake wa tatu jeshini, hata kama usiku wa kwanza ulimkuta nyumbani kwa mama yake akiwa likizoni, hana haja ya kuonyesha kwamba chakula cha kambini ndicho kilichomchoma. Yanayotolewa nje ya kanuni hiyo ni machache, kama vile maradhi aliyojitakia kwa utovu wa makusudi, kwa ulevi au kwa dawa za kulevya. Anayesoma "uliosababishwa" atatafuta sababu, ataikosa, na ataacha kudai haki ambayo sheria tayari imempa.

Ndiyo maana napendekeza "mnasaba na utumishi". Najua "mnasaba" ni neno ambalo wengi hulisikia redioni tu, katika "kwa mnasaba wa siku fulani", na wengine wataona lina harufu ya vitabu. Lakini linasema kile hasa kinachotakiwa, yaani vitu viwili vinavyofungamana bila kudai kwamba kimoja kimezaa kingine. "Uhusiano" nalo linafaa, na katika barua ya kumweleza mtu wa kawaida ningeandika bila kusita "ulemavu unaohusiana na utumishi". Kwa istilahi ya kudumu, itakayorudiwa katika fomu, hukumu na miongozo, neno lisilobeba mambo mengine mengi hulinda maana vizuri zaidi.

Suala hili si la wasomaji wa Kiingereza peke yao. Jeshi la Marekani hupokea wakazi wa kudumu kabla hawajawa raia, na mpango maalumu ulioanzishwa mwishoni mwa mwaka 2008 kuandikisha wageni wenye lugha zilizohitajika uliweka Kiswahili katika orodha yake. Wapo basi wenye kusoma Kiswahili ambao barua za VA zinafika mlangoni kwao, na wapo wazazi na wenzi wao wanaoulizwa zinasema nini.

Neno "ulemavu" lenyewe ni kikwazo cha pili. Kwetu humleta akilini mtu wa magongo au asiyeona, na mwenye kiungulia ataona aibu kujiita mlemavu. Katika sheria hii ulemavu hupimwa kwa asilimia, kwa kukadiria ni kiasi gani maradhi ya aina hiyo hupunguza uwezo wa mtu wa kawaida kujipatia riziki. Mtu anaweza kuwa na ulemavu wa asilimia 10 na akaenda kazini kila siku. Zaidi ya hayo, kuna asilimia 0, na si kejeli: VA inakubali mnasaba, hailipi kitu kwa sasa, lakini maradhi yakizidi mdai haanzi tena kuthibitisha asili yake.

Na kiungulia ni dalili, si jina la ugonjwa. Ugonjwa ambao madaktari wa Marekani huufupisha kuwa GERD ningeuita maradhi ya kucheua asidi. Mlango wa misuli uliopo kati ya umio na tumbo hulegea, asidi ikapanda juu, ikababua utando wa umio. Ikiendelea miaka, kovu laweza kuubana umio hadi chakula kipite kwa shida. Tofauti hii ina uzito katika dai, maana VA hutaka utambuzi wa daktari wa ugonjwa uliopo sasa.

Utambuzi huo ni figa la kwanza kati ya mafiga matatu ya mnasaba. La pili ni tukio au dalili za wakati wa utumishi. La tatu ni kiungo kati ya hayo mawili, na mara nyingi hutoka kwa daktari. Kwa wenye kiungulia figa la pili ndilo hupungua. Askari hununua vidonge vya kutuliza asidi dukani kambini, anavitafuna, anarudi zamu. Hospitali ya jeshi haina habari, faili ni jeupe. Hapa sheria ina huruma ambayo wengi hawaijui. Dalili ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzihisi au kuziona, yeye mwenyewe au mwenzake anaweza kuzitolea ushahidi. Mke aliyemshuhudia mumewe akilala ameegemea mito mitatu, au askari mwenza aliyekuwa akigawana naye vidonge, anaweza kuandika alichokiona na maandishi hayo yakapimwa pamoja na mengine. Asichoweza ni kutamka, kama daktari, kwamba ugonjwa wa leo unatokana na ule wa zamani.

Kuhusu kiungo hicho, daktari hatakiwi kuwa na hakika. Kipimo cha sheria ni uwezekano usiopungua nusu kwa nusu. Msomaji aliyezoea habari za mahakamani, ambako kosa la jinai huthibitishwa "bila kuacha shaka", ageuze mizani kabisa: hapa ushahidi wa pande mbili ukikaribia kulingana, shaka inamwendea mdai. Kwa hiyo barua ya daktari inayosema "inawezekana" tu ni dhaifu, na ile inayosema "uwezekano haupungui nusu, kwa sababu hizi na hizi" ina nguvu, hasa kwa hizo sababu.

Kuna njia nyingine, ambayo kwa wenye kiungulia huenda ndiyo yenye matumaini zaidi. Ugonjwa unaweza kupata mnasaba kwa kupitia ugonjwa mwingine ambao VA imekwisha kuukubali. Askari ana goti au mgongo uliokubaliwa. Kwa maumivu hayo amemeza ibuprofeni au naproksini miaka mingi. Dawa hizo zinajulikana kukera tumbo na umio. Daktari akilieleza hilo vizuri, figa la pili halitafutwi tena katika faili la jeshi. Tusiuite "mnasaba wa daraja la pili", kwa kuwa msomaji atadhani una thamani ndogo, ilhali fidia yake hupimwa kwa vigezo vilevile. Napendekeza "mnasaba wa kufuatia". Unaingia humo pia ugonjwa ambao haukuanzishwa na ule wa kwanza bali umezidishwa nao.

Waliotumikia katika Ghuba ya Uajemi, wakati wa Vita vya Ghuba na baada yake, wana kanuni yao: matatizo ya tumbo yasiyo na dosari inayoonekana ya kiungo cha mwili hudhaniwa kuwa na mnasaba. Maradhi ya kucheua asidi huhesabiwa kuwa yana dosari kama hiyo, hivyo hayamo katika dhana hiyo, na wengi hukataliwa wakishangaa.

Vipimo vya asilimia vilibadilika tarehe 19 Mei 2024. Kabla ya hapo ugonjwa huu haukuwa na kifungu chake. Ulipimwa kwa kulinganishwa na henia ya tumbo inayopanda kifuani, kwa asilimia 10, 30 au 60, na dalili kama kiungulia, kucheua na maumivu ya kifua zilihesabiwa. Sasa una kifungu, na kifungu hicho kinatazama kubanwa kwa umio: asilimia 0, 10, 30, 50 na 80, kwa ushahidi wa endoskopia au wa eksirei. Asilimia 30, kwa mfano, ni ya mtu ambaye umio wake hubanwa tena na tena na kutanuliwa na daktari si zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Naona mabadiliko haya ni makali kwa mtu anayeungua kila usiku bila kovu la kuonyesha. Aliyekuwa na kiwango cha zamani halindwi na bahati bali na kanuni: hakishushwi kwa sababu ya jedwali jipya peke yake, mpaka ushahidi wa kitabibu uonyeshe amepata nafuu.

Dai likikataliwa, sheria iliyoanza kutumika Februari 2019 inampa mdai njia tatu na mwaka mmoja wa kuchagua bila kupoteza tarehe ya kuanza kulipwa. Mapitio ya ngazi ya juu hupeleka faili lilelile, bila ushahidi mpya, kwa afisa mwenye uzoefu zaidi. Dai la nyongeza linahitaji ushahidi mpya unaohusika. Rufaa kwa bodi ya rufaa ya VA humfikisha mbele ya jaji, na mdai anaweza kuomba kusikilizwa. Barua ya kukataa husema ni figa lipi lililokosekana. Kama ni kiungo, mapitio ya ngazi ya juu hayatakiumba. Inahitajika barua ya daktari, na njia yake ni dai la nyongeza. Kama daktari aliyeteuliwa na VA alijibu kuhusu utumishi tu na kusahau dawa za goti, hilo ni kosa lililomo ndani ya faili, na afisa wa juu anaweza kuliona. Mashirika ya askari wa zamani kama DAV na American Legion humsaidia mdai kuchagua bila malipo.

Katika barua ya kukataa, maneno yanayosema ugonjwa hauna mnasaba yatafsiriwe kwa ukamilifu: "kwa ushahidi uliopo, mnasaba na utumishi haujathibitishwa". Silabi ile ya "-ja-" ni ya haki, kwa kuwa mwaka mzima bado uko wazi.