Gari Lililokubali Kufunguliwa

Ile taa ya manjano yenye umbo la injini ikiwaka kwenye dashibodi ya Toyota Premio, mwenye gari wa Awindiri, mtaa wa Arua, huanza kuhesabu fedha kabla fundi hajashika spana. Atalipia gari kupimwa kwa mashine. Atalipia spea ambayo Arua haipatikani, na usafiri wake kutoka Kampala, takriban kilomita 500. Mara nyingi atalipia tena, kwa sababu spea ya kwanza haikuwa ndiyo. Kisha humlaumu fundi. Nikiitazama historia ya kazi ya gereji katika West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, naona lawama hizo zinampata asiyestahili.

Eneo hili lilijifunza ufundi wa magari kwa kulazimishwa na umbali. West Nile iliwekwa chini ya Uganda mwaka 1914, na Arua ikawa makao ya wilaya iliyokuwa ng'ambo ya mto usio na daraja. Kwa miongo mingi mizigo mizito ilipanda meli za Ziwa Albert, ikateremka na Nile hadi bandari ya Rhino Camp, kisha ikapandishwa Arua kwa barabara ya vumbi. Reli ilifika Pakwach mwaka 1964, na daraja likakamilika kuelekea mwisho wa muongo huo. Lori la Bedford likikwama njiani, dereva na utingo wake ndio waliokuwa gereji.

Magari yenyewe yaliwaruhusu. Land Rover na Peugeot 404 za petroli zilikuwa na kabureta iliyofunguliwa kwa bisibisi na kuoshwa kwa petroli. Moto wa plagi ulitegemea pointi, vipande viwili vya chuma vinavyoachana kwa takriban nusu milimita. Zikiungua, fundi alizisugua kwa msasa, akaipima nafasi kwa jicho, na injini ikawaka. Kijana aliyeshika tochi kando yake alikuwa tayari amepata nusu ya somo, kwa sababu kila kilichofanyika kilionekana.

Ufundi huo ulipitia majaribu makali. Agosti 1972 Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Waliondoka na biashara ya spea, mikopo yao na mawasiliano yao na viwanda vya Uingereza, na spea ikawa bidhaa ya magendo. Vikafuata vita vya 1979 vilivyomng'oa Amin, kisha mapigano ya Oktoba 1980 yaliyowasukuma wakazi wengi kukimbilia Zaire na Sudan. Waliporudi walikuta mji wa Arua umebomolewa. Katika miaka ya 1990 mashambulizi ya waasi wa LRA yaliifanya barabara ya Karuma kwenda Pakwach isafiriwe kwa misafara yenye ulinzi wa jeshi.

Hata hivyo magari yalitembea. Bushi zilichongwa kutoka matairi yaliyochakaa, na springi ya lori lililokufa ikahamia kwenye lori lililo hai. Petroli iliingia kwa jerikeni kutoka soko la Ariwara upande wa Kongo, ikauzwa kando ya barabara na vijana waliojulikana kama OPEC Boys. Biashara hiyo iliwalisha wengi ambao vita viliwanyima shule, na siwezi kuwabeza. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa iliifanya injini ya kabureta ikohoe na kutoa moshi, lakini gari lilifika.

Uvumilivu huo wa injini ndio uliobadilika, na inafaa kulieleza hilo polepole. Kabureta hupokea petroli kwa msukumo mdogo kuliko ule wa hewa ndani ya tairi la baiskeli. Magari ya mtumba ya Japani yaliyoenea miaka ya 1990 na baadaye, kina Corona na Carina, mengi yalikuja na nozeli za umeme zenye msukumo wa takriban bari 3, na hayo bado yalistahimili. Lakini mwaka 1996 Toyota ilileta mfumo wa D-4, unaopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo unaofika takriban bari 120. Dizeli za kisasa, ambazo zilianza kuuzwa kwenye malori ya Japani mwaka 1995, huvuka bari 1,000. Ndani ya nozeli ya aina hiyo, nafasi kati ya sindano na ala yake ni sehemu chache tu za elfu moja za milimita. Vumbi lililoingia kwenye jerikeni linatosha kuikwaruza. Mafuta ya taa nayo hayalainishi pampu kama dizeli inavyofanya. Nozeli ikifa, mpya ina namba yake ya vipimo, ambayo katika magari mengi lazima iingizwe kwenye kompyuta ya gari ndipo injini itulie.

Kompyuta hiyo hutoa majibu ya fumbo. Chukua msimbo P0171, unaosema kwamba mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Chanzo chaweza kuwa bomba la hewa lililopasuka, pampu dhaifu, kichujio kilichoziba au sensa mbovu. Fundi mwenye mashine kamili hutazama takwimu za injini inapounguruma, akaondoa uwezekano mmoja baada ya mwingine. Mwenye kimashine cha bei nafuu anapewa msimbo tu, ananunua sensa, na mteja analipa. Tena magari mengi ya zamani kidogo yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayazungumzi kabisa na vimashine hivyo, maana vimeundwa kufuata utaratibu uliowekwa Marekani mwaka 1996.

Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Siipingi sheria hiyo. Moshi na ajali ni mambo ya kweli. Ninachokipinga ni kumwachia fundi mzigo wote. Magari rahisi yalifungiwa mlango, na yeye hakupewa mafunzo wala vifaa vya kukabili yaliyobaki.

Kwingine haki ya fundi kupata taarifa na vifaa ilipiganiwa. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walipitisha sheria inayowalazimu watengenezaji kuziuzia gereji huru taarifa na zana zilezile wanazowapa mawakala wao. Mwaka 2020 walirudi kuipanua, iguse pia taarifa ambazo gari huzituma kwa njia ya mtandao.

Wenye fedha nyingi katika West Nile walitatua tatizo la magari ya kompyuta kwa njia yao. Wakimbizi wa Sudan Kusini walipofurika na kambi ya Bidibidi kufunguliwa mwaka 2016, barabara za Yumbe na Koboko zilijaa Land Cruiser za mashirika ya misaada. Nyingi kati yake zina injini ya 1HZ, muundo wa mwaka 1990, wenye pampu ya nozeli inayoendeshwa kwa gia bila kompyuta. Mashirika yangeweza kununua gari lolote duniani, yakachagua linalofunguka kwa spana. Mwalimu wa Koboko aliyekopa anunue Toyota Noah hana uchaguzi huo.

Arua ni jiji tangu Julai 2020, na umeme wa gridi ya taifa ulifika mwaka 2024, baada ya miaka mingi ya kutegemea jenereta na bwawa dogo la Nyagak. Hilo ni kubwa kwa gereji, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika upya kompyuta ya gari, kompyuta hiyo yaweza kufa palepale. Kinachokosekana sasa ni karakana moja ya umma yenye mashine ya kupimia nozeli na programu zenye leseni halali, ambayo fundi yeyote, awe wa Awindiri au wa Koboko, ataikodi kwa saa na kufundishwa kuitumia. Bajeti ya jiji ndipo pa kuanzia.